Nailoni Nyembamba

Dukani niliwekewa nailoni za kuvulia aina mbili: nyembamba ya milimita 0.25 na nene ya 0.60. Nikachukua nene. Mtu wa Kalangalala anaipima kamba kwa mzigo itakaoubeba, maana hapa Geita kamba ikikatika huenda kuna mtu chini kwenye duara.

Lakini hiyo siyo sababu. Mjomba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilitaka mshipi atakaouona.

Akaupitisha kati ya vidole, halafu mdomoni. "Huu wa kufungia mbuzi, mjomba. Rudisha."

Ameshavua kwa ndoano pembeni ya matete ya Nungwe tangu sijazaliwa. Kwa maelezo yake, ziwa likitulia sato haji kwa pupa. Anakisogelea chambo, anakionja, akihisi kitu anakitema. Nailoni nene hubaki na mikunjo yake kama waya, na chambo kinaning'inia hakina uhai. Nyembamba inalegea, mnyoo unazama wenyewe. Haya, nikarudi dukani.

Ufito nao ulikuwa kesi. Mwanzi mbichi niliouleta aliukataa papo hapo: mzito, na unameza mguso wa samaki kabla haujafika mkononi. Akachagua mkavu, mwembamba nchani, kama mara mbili ya kimo chake. Aliugongagonga kwa ukucha akisikiliza, kama mtu anayenunua tikiti maji.

Boya langu nililolikata kwenye kandambili akaling'oa. "La nini? Silioni."

Nikamkumbuka Santiago wa Hemingway, kwenye *The Old Man and the Sea* ya 1952. Yule hana hata ufito. Kamba anaishika kati ya kidole gumba na cha shahada, na anamjua samaki aliye chini kabisa kabla hajamwona. Chuoni niliandika insha ndefu kuhusu kitabu kile, msalaba na mateso kila ukurasa, nikapewa alama nzuri tu. Vile vidole sikuviandika popote.

Jumamosi tukapanda bodaboda hadi Nungwe. Mjomba akakaa kwenye jiwe, akajaribu kutia mshipi kwenye tundu la ndoano. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilijifanya natafuta minyoo kwenye kopo. Mwishowe akaninyooshea vyote viwili, uso ameuelekeza ziwani.

Nikatia. Nikaanza kukaza fundo.

"Lilambe kwanza. Fundo kavu linajichoma likikazwa."

Nikalilamba, nikakaza, nikampa. Akarusha taratibu, akauacha mshipi ulale kwenye kidole. Tukakaa. Maji yalikuwa kioo, na mimi nilikuwa nimeyakodolea macho nusu saa nzima nikitafuta dalili, kiwimbi, chochote. Nilikuwa bado natazama yeye alipokunja mkono.

Sato. Wa kutosha ugali wa watu wawili.