Ubavu wa Kulia, Portsmouth

Manowari ya Victory imo gudini hapa Portsmouth tangu mwaka 1922. Mtu wa pwani akikanyaga sitaha yake, anatafuta usukani kabla ya mizinga. Gurudumu liko juu, mbele ya macho ya kila mgeni, lakini kana yenyewe iko chini, mti mnene mrefu unaovutwa kwa kamba zinazopita tumboni mwa meli. Kwetu Unguja mshika sukani huibana kana kwapani na kuisikia bahari mkononi mwake.

Ubavu wa kulia wa chombo Waingereza huuita “starboard”, yaani ubavu wa kuongozea. Kabla usukani haujahamia tezini, wazee wao waliongoza kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni, upande wa kulia. Kwa kuwa kasia lilikuwa pale, chombo kilifunga gatini kwa ubavu wa kushoto, shehena ikapakiwa huko, na ubavu huo ukaitwa “larboard”. Jaribu kuyapaza maneno hayo mawili kwenye tufani, mtu akiwa juu ya mlingoti! Mwaka 1844 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza waliamuru “larboard” liachwe, “port” lishike nafasi yake. Mabaharia wa amiri Nelson, waliopigana vita vya Trafalgar mwaka 1805 katika meli hiihii, walikuwa bado wakitumia lile la zamani.

Kuna jambo linalonigusa zaidi ya hilo. Ukiisukuma kana kulia, chombo hugeuka kushoto. Waingereza waliendelea kutoa amri kwa lugha ya kana hata baada ya gurudumu kuja, na ndiyo maana usiku wa Aprili 14, 1912, amri iliyotolewa katika Titanic ilitaja “starboard”, na omo likageuka kushoto, kama ilivyokusudiwa. Kwa mambo ya namna hii naipenda lugha ya mabaharia: kila neno lina kamba, mti na mkono wa mtu ndani yake.

Sisi tunazo joshini na demanini, upande unaopokea upepo na ule unaoupa mgongo. Wao pia wana maneno ya namna hiyo. Ila upepo wetu ulifika mbali zaidi, ukaipa dira majina: kaskazi ikazaa kaskazini, kusi ikazaa kusini. Mashariki na magharibi tulipewa na Waarabu, na hizo ni za jua, kama “east” ya Waingereza ambayo asili yake ni mapambazuko. Nusu ya dira yetu ni tanga, nusu ni macheo na machweo.

Nchi kavu nako maneno ya upande yana mambo yake. Stesheni ni jirani na gudi. Kwa desturi ya reli za Uingereza, njia ya kwenda London ni “up” na ya kutoka London ni “down”, nchi iwe tambarare au milima. Kwa hiyo mtu wa Newcastle, kaskazini, husema anashuka London, kwa kufuata ramani, huku treni aliyoipanda reli inaihesabu kuwa inapanda. Oxford nako mwanafunzi “hupanda” chuoni, na akifukuzwa “hushushwa”. Juu hiyo ni cheo tu. Anayeshuka pwani kutoka Nairobi anashuka kwelikweli, zaidi ya mita 1,600.

Lakini maneno ya mahali yaliyopotea ndiyo yanayoniuma. Zamani Mwingereza alikuwa na “here” ya mtu aliyepo, “hither” ya anayekuja, “hence” ya anayeondoka. Hali kadhalika “there, thither, thence” na “where, whither, whence”. Biblia yao ya mwaka 1611 imejaa maneno hayo. Leo “here”, “there” na “where” zimebeba karibu mzigo wote, na “hence” imebaki zaidi kwa maana ya kwa hiyo. “Yonder”, iliyokuwa pale yao ya mbali, imebaki kwa wazee wa vijijini na katika nyimbo.

Sisi bado tuna hapa, huku na humu. Pale, kule na mle. Lakini mijini nawasikia vijana wengi wakisema “kule ndani” mahali ambapo bibi angesema “mle”. Walimu wa Kiswahili, wazazi, watangazaji: isemeni mle, watoto waisikie.