Jinja Hadi Mbale: Nusu Saa ya Angani, Nusu Siku ya Barabarani

Walukuba ni mtaa wa wafanyakazi ulio mashariki ya mji wa Jinja, karibu na Ziwa Viktoria. Askari aliyepangiwa kazi Mbale, na jamaa zake wakiwa Walukuba, aghalabu huzihesabu siku za likizo kwa vidole. Akitazama ramani hufarijika: kwa mstari ulionyooka, miji hii imetengana kwa yapata kilometa 130 tu. Ndege ndogo iendayo kilometa 300 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa dakika 26. Ukiongeza kuruka na kutua, ni nusu saa na ushei.

Lakini ramani haisemi yote. Uwanja wa ndege wa Jinja uko Kimaka, upande mwingine wa mji, hata mtu wa Walukuba ingempasa kwanza aipe Mbale kisogo. Hapana ndege ya ratiba iunganishayo miji hii. Viwanja vya serikali vilivyo jirani na Mbale ni vya Tororo na Soroti, na atuaye Tororo bado anazo kilometa 45 hivi za barabara. Garimoshi la abiria nalo, lililokuwa likizungukia Tororo, limekwisha koma.

Iliyobaki ni barabara ipitayo Iganga, Namutumba na Tirinyi, kiasi cha kilometa 145. Huvuka kinamasi cha mto Mpologoma na mashamba ya mpunga, hadi genge la Wanale linapochomoza juu ya Mbale. Kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa, ni saa mbili na dakika 25. Pamoja na kungoja gari lijae, kushusha mizigo na kuwapumzisha watoto, mwenye busara huiwekea safari hii nusu siku.

Hapo ndipo penye hatari. Askari ambaye likizo yake inakwisha jioni humhimiza dereva akaze mwendo. Na apige hesabu: gari likienda kilometa 100 kwa saa badala ya 80, njia nzima, litaokoa dakika 22 tu. Ni thamani gani hiyo mbele ya mke na watoto wanaongoja habari?

Mvua pia ina amri yake. Mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu. Katika majira ya mvua, yafaa kubakiza siku moja ya akiba.

Basi likizo isihesabiwe kwa mwendo wa ndege, bali kutoka mlango wa nyumba hadi lango la kambi. Aondoke alfajiri, awaambie wa nyumbani njia atakayopita, na akifika awapigie simu. Wahenga walikwisha sema: kawia ufike.