Kabla ya Kuingia Uwanjani

Nakusihi, msomaji, usinicheke mapema. Mimi ni mwalimu wa hesabu na fizikia, umri wangu ni miaka 34, na mshahara wangu ni sawa na wa walimu wenzangu niliotoka nao chuo cha ualimu. Walakini kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nikitenga sehemu ya mshahara huo kila mwezi kwa ajili ya motokaa. Si kuinunua, maana nilikwisha kuinunua, ni kuipamba. Ilikuwa Toyota Starlet ndogo nyeupe, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili kabla ya kufika kwangu. Mimi niliitia magurudumu mapana, nikakata springi zake ili ishuke karibu na ardhi, nikaiwekea bomba la moshi nene kama mkono wa mtu, na kifaa cha kuvutia hewa nyingi ndani ya injini. Nilipoiwasha alfajiri, mbwa wa jirani walibweka hata mtaa wa pili.

Wanafunzi wangu waliipenda. Waliijua sauti yake ikiwa bado mbali, wakakimbilia madirishani. Siku moja kijana wa kidato cha tatu, mpole, aketiye dawati la mbele, aliniambia, "Mwalimu, nami nikipata gari nitaliendesha kama wewe." Nilifurahi. Nakuungamia ya kuwa nilifurahi, kwa sababu furaha hiyo ndiyo iliyonigeukia baadaye ikawa mwiba.

Usiku mmoja nilikuwa peke yangu katika barabara moja kubwa inayozunguka jiji la Nairobi. Kijana nisiyemjua alikuja sambamba nami, akaikanyagia motokaa yake ili ingurume. Nami nikaijibu. Hatukusemezana neno. Taa za barabarani zilikuwa zimezimika, na katika giza lile mtu mmoja alikuwa akivusha mkokoteni wenye mitungi ya maji. Nilipomwona nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Kidato cha breki kikaenda chini, kikaenda tena, kana kwamba nakanyaga mto wa usufi. Nilimpita kwa nafasi isiyozidi upana wa mlango. Sikusimama kumwomba radhi. Aibu ilinizuia, nayo ni aibu iliyozaa aibu nyingine. Yule kijana mwingine alikwisha kutoweka. Nilifika nyumbani nikaketi ndani ya gari mpaka injini ikapoa, na kwa muda wa majuma mawili sikumwambia mtu.

Nilipomsimulia mke wangu hatimaye, hakupiga kelele. Alinyamaza akiosha vyombo, kisha akasema, "Baba Njeri, kama huna budi kukimbia, tafuta mahali ambapo hakuna mtu avukaye njia. Lakini gari hilo lisitoke hapa mpaka fundi alifungue lote." Masharti hayo mawili ndiyo chanzo cha habari hii.

Yamkini hujapata kusikia juu ya siku za uwanjani. Si mashindano. Uwanja wa lami, uliotengwa na barabara za watu, hufunguliwa kwa siku nzima, na wenye magari ya kawaida huingia kwa makundi madogo, kila kundi kwa dakika chache, wakaendesha kwa upesi wautakao chini ya macho ya wasimamizi wenye bendera. Hakuna kikombe wala mshindi. Kumpita mwenzako ni pale tu panaporuhusiwa, tena naye akuonyeshe ya kuwa amekuona. Nililipa ada, nikapewa orodha ya mambo ya kutengeneza, na majuma matatu ya kuyatengeneza.

Basi nikaenda kwa fundi. Ni mzee mwenye karakana ya mabati, na ingawa hakuenda shule muda mrefu, mimi humwita mwalimu wa magari, naye huniita Mwalimu tu. Aliinua motokaa kwa jeki, akaiwekea vigingi, akatoa magurudumu yote manne. Hakutazama bomba langu la moshi lililonigharimu mshahara wa mwezi mmoja. Alishika mpira mwembamba upelekao mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele, akaukunja kwa vidole viwili. Ukafunguka nyufa kama udongo wa kiangazi, na tone la mafuta likachungulia.

"Mwalimu," akasema, "umenunua sauti. Kusimama hukununua."

Kisha akauliza, "Mtoto unampeleka shule kwa gari hili?" Nikasema ndiyo. Hakuendelea, nami sikuweza kumtazama.

Sasa niruhusu, msomaji, nirudi ubaoni kidogo, maana hapa somo la darasani liliingia karakana bila kubisha hodi. Motokaa yangu, nami nikiwa ndani yake, ina uzito wa karibu kilo 900. Ikienda kilomita 100 kwa saa, inabeba nishati ya joule 347,000 hivi. Unapofunga breki nishati hiyo haifi. Yote hugeuka joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hukaa katika sahani mbili za chuma za magurudumu ya mbele. Ukitaka kujua ni joto kiasi gani, fikiri birika: latosha kuchemsha lita moja ya maji baridi na zaidi kidogo, hapa Nairobi ambapo kwa sababu ya kimo cha nchi maji huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100. Kila kona kali ni birika la chai. Na uwanjani kona hufuatana upesi hata chuma hakipati nafasi ya kupoa. Tena angalia jambo hili: ukipunguza mwendo kutoka 100 hadi 50, nishati haibaki nusu, hubaki robo. Mwaka baada ya mwaka nimewaandikia wanafunzi kanuni hiyo kwa chaki, nikawasahihishia makosa yao kwa wino mwekundu, na usiku ule wa mkokoteni mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau.

Mafuta ya breki nayo yana siri yao. Hunywa maji kutoka hewani, polepole, hata yakiwa ndani ya chombo kilichofunikwa. Yale ya daraja liitwalo DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakiisha kunywa maji yapata sehemu 4 katika 100, kipimo kinachodaiwa kwao hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Mguu wako hapo huusukuma mvuke badala ya kusukuma breki. Mafuta aliyotoa fundi katika motokaa yangu yalikuwa meusi kama kahawa iliyolala. Yamekaa humo miaka mingapi? Mimi sikuyabadili hata mara moja, ilhali taa za rangi nilizotia chini ya gari nilizibadili mara mbili.

Tukaanza kazi. Mipira minne mipya ya breki, sahani mpya za mbele, pedi zinazostahimili joto kuliko zile za bei rahisi, mafuta mapya yaliyopitishwa katika kila gurudumu mpaka mapovu yakaisha. Mimi nilikuwa nikikanyaga na kuachilia kidato, naye akifungua na kufunga nati ndogo huku akiita, "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Tulifanya hivyo jioni nzima. Nilipokanyaga mara ya mwisho kidato kilikuwa kigumu kama jiwe. Sijui kama umewahi kupendezwa na ugumu wa kitu, lakini mimi nilitamani kuita watu waje wakikanyage.

Jambo lililoniuma zaidi halikuwa fedha, ni springi. Fundi alinionyesha ya kuwa springi nilizokata zilikuwa fupi mno, hata gari likiinuliwa zinachezacheza mahali pake, na ya kuwa magurudumu yangu mapana yalikuwa yakisugua ukingo wa ndani kila nilipokata kona kwa nguvu. Tairi moja lilikwisha kulika ubavuni mpaka nyuzi zikaonekana. "Rudisha za kwanza," akasema. Niliuza magurudumu yale kwa kijana mmoja (baada ya kumwonyesha kasoro yake, nakuhakikishia), nikanunua springi za asili na matairi manne ya kawaida, mapya. Motokaa ikainuka juu, ikawa kama gari la bibi aendaye sokoni. Jumatatu yake wanafunzi hawakukimbilia madirishani. Bomba la moshi nililitoa mwenyewe siku ya tatu, kwa kuwa lilikuwa limeachia waya mmoja na, kusema kweli, kwa kuwa nilichoka kuwa mtu wa kusikiwa kabla ya kuonwa.

Katika siku hizo nilimkumbuka marehemu Joginder Singh, aliyeshinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo akiwa na nduguye Jaswant, akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Sisi tuliokuwa watoto Safari ilipotolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, tukaingoja mpaka iliporudi mwaka 2021, tulilelewa kwa hadithi za vumbi na mwendo wake. Hadithi hizo hazikutilia mkazo ya kuwa mtu huyu alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na mikono yake iliijua spana.

Mengine katika orodha yalikuwa mepesi. Helmeti niliazima. Nilifunga pete ya kukokotea mbele ya gari. Hati ya bima niliisoma kwa mara ya kwanza tangu nipewe, nikakuta maneno yasemayo ya kuwa haitalipa lolote kwa hasara ya uwanjani. Kwa hiyo nikikunja chuma, nimekunja chuma changu. Nati za magurudumu zilikazwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, si kwa kurukia spana kama nilivyozoea.

Jambo moja dogo lilikuwa la mwisho. Orodha ilisema uondoe ndani ya gari kila kisichofungwa, kwa sababu kitu kilegevu hurushwa kona ikikatwa. Nilitoa jeki, mwavuli, vitabu vya mitihani, chupa ya maji. Nikaingiza mkono chini ya kiti cha dereva nikashika kitu laini. Kilikuwa kiatu cha binti yangu, cha mguu wa kushoto, ambacho tulikitafuta nyumba nzima tangu muhula uliopita na nikamgombeza kwa kukipoteza. Kilikuwa kimelala shubiri moja nyuma ya kidato cha breki. Nilikishika nikakigeuza huku na huku. Kwa unene wake kingeingia chini ya kidato bila taabu. Usiku ule nilimwamsha binti yangu nikamwomba radhi. Hakuelewa, akavaa kiatu hicho kitandani akalala nacho.

Siku ya uwanjani ilifika, nayo nitaieleza kwa ufupi. Tulifika saa moja asubuhi, umande ungali juu ya lami. Mkaguzi alitikisa magurudumu, akavuta mshipi wa kiti, akakanyaga breki, akakanyaga tena, akaniandikia namba bila kusema kitu. Nilikuwa na nambari 17, nikatetemeka kama mtahiniwa. Mzunguko wa kwanza wa kila kundi ni wa polepole, ili matairi yapate joto. Wa mwisho vilevile, ili breki zipoe. Ile ya katikati ndiyo yako. Upesi wenyewe haukunishangaza. Kilichonishangaza ni kuona ya kuwa kazi ya dereva karibu yote ni kupunguza mwendo mahali panapofaa, mapema, kwa mstari ulionyooka, kabla usukani haujageuzwa.

Mzunguko wa nne nilinusa harufu ya pedi, kama nguo iliyoachwa chini ya pasi. Kidato kilikuwa kigumu bado, lakini nilihisi kimeanza kurefuka kwa upana wa unyasi. Mwenzangu wa mbele alikuwa karibu, nami nilikuwa na mzunguko mmoja uliosalia, tena nikimpata pale kwenye mnyoosho ningempita mbele ya watu wote. Nilitoa mkono nje kuashiria, nikaondoka uwanjani. Nilizunguka maegesho polepole mpaka harufu ikapungua, nikaweka kigingi nyuma ya gurudumu pasipo kuvuta breki ya mkono, kama fundi alivyoniagiza, kwa maana ngoma za nyuma zilikuwa moto. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kivuli na birika la chai. Hakuuliza kwa nini nimetoka mapema. Alinimiminia kikombe.

Jumatatu yule kijana wa dawati la mbele aliinua mkono kabla sijafungua daftari. "Mwalimu, ulikuwa nambari ngapi?"

Nikamwambia hapakuwa na nambari. Akaonekana kusikitika kwa ajili yangu.

Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: kilo 900, kilomita 100 kwa saa, lita ngapi za maji? Wakafungua madaftari yao.