Kisu Nilichokiogopa

Haya niyaandikayo ni kosa langu mwenyewe, nami nalieleza ili wewe usilirudie.

Mimi ni mtu wa pwani, lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikisomesha chuoni Biharamulo, na binti yangu ameolewa Ngara. Siku moja ikaja habari kuwa uchungu umemshika tangu usiku na mtoto hatoki. Nikapanda gari hadi Lusahunga, kisha nikashika njia ya Ngara. Nilipofika hospitali ilikuwa adhuhuri, na daktari amekwisha amua kuwa lazima apasuliwe. Mumewe alikuwa safarini. Nikapewa mimi karatasi ya idhini nitie sahihi.

Nikasita. Nikasema mwili wa mwanamke ni sitara, na kupasua tumbo ni mambo ya Wazungu. Ile kanuni ya dharura niliyowasomesha watoto wa watu ilinipotea siku niliyoihitaji. Mama mkwe wake, bibi wa Kihangaza, akaniambia: “Baba Shehe, kisu cha kuchinjia akika unakijua, hiki cha kumtoa mtoto unakiogopea nini?”

Nilitia sahihi alasiri imekwisha adhiniwa. Mama alipona. Mtoto hakulia.

Ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini kukawia kulikuwa kwangu.

Mwaka uliofuata, katika kurudi Umra, tulipitia Istanbul. Wenzangu wakanichukua kwenye makumbusho ya sayansi ya Waislamu, yaliyofunguliwa mwaka 2008 katika bustani ya Gülhane kwa juhudi za Profesa Fuat Sezgin. Humo nikaona visu, koleo na kulabu, vilivyotengenezwa upya kwa kufuata michoro ya Abul Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki mwaka 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Zimo hata zana za kumsaidia mzazi aliyeshindwa kujifungua. Sehemu hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, Wazungu wakaisoma miaka mamia. Nikainamisha kichwa. Nilichokikataa kuwa ni chao, wao walikisoma kwetu.

Wala elimu hii haikuwa mbali na Kagera. Ng'ambo ya mpaka, katika Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mwaka 1879 mganga wa huko akimpasua mzazi. Mganga aliosha mikono na tumbo kwa pombe ya ndizi, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa pini za chuma na uzi wa gome. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mtoto yu hai.

Basi, ndugu zangu, mambo haya yazungumzwe nyumbani kabla ya siku ya uchungu. Tabibu mwanamke akipatikana, ni kheri. Asipopatikana, usimzuilie mgonjwa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, hakutuamrisha kungoja. Na mwenye tumbo naye aulizwe, kwani siku ile mimi sikumwuliza binti yangu.

Mwenyezi Mungu amjaalie mtoto yule kuwa shufaa kwa wazazi wake, na anisamehe mimi. Amin.