Ushuhuda Usio na "Nimepona"

Kanisani kwetu hapa New Site, Juba, mtu akisimama kutoa ushuhuda watu husubiri neno moja: nimepona. Mimi sijapona. Mapigo ya moyo wangu yamepoteza mpangilio tangu 2019, na daktari ameniambia wazi kwamba yatabaki hivyo. Nashuhudia hivyo hivyo.

Nilikuja Juba kutoka Kitale kutafuta riziki. Napika chapati na maharage; wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda. Kwanza ilikuwa kuchoka tu, kisha moyo ukaanza kukohoa na kuruka kama jenereta iliyotiwa mafuta machafu. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, mhudumu mmoja akasema ni mawazo. Ndugu wakachanga nauli, nikapanda basi kupitia Nimule hadi Kampala, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Kumbe vali moja imesinyaa, kovu la homa ya rumatiki ya utotoni iliyoanzia kooni. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kudunda, damu inatuama na kuganda, na donge likipanda kichwani ni kiharusi. Walinipiga shoti ya umeme kurekebisha mdundo. Ukarudi, ukakaa kidogo, ukaharibika tena.

Tangu hapo naishi kwa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Binamu yangu aliyeko Ulaya aliniuliza kwa nini nisitumie vidonge vipya visivyodai kupimwa damu kila mara. Nikampelekea daktari swali hilo. Akanieleza utafiti wa INVICTUS uliotolewa 2022: kwa wenye vali kama yangu, waliotumia dawa za kundi la wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa kidonge kipya. Basi, mjadala ukaisha. Napima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, namba ikae kati ya 2 na 3. Ikishuka naogopa donge, ikipanda naogopa kuvuja damu.

Kazi yenyewe ya kuishi na dawa hii iko jikoni na kwenye duka la dawa. Sukuma nala, kudra nala, ila kiasi kile kile kila wiki, maana majani hupunguza nguvu ya dawa. Kuna siku tumbo lilinisokota, muuza dawa akawa ameshanifungia flajili kabla sijamaliza kujieleza. Nikamwonyesha kadi yangu ya wafarini, kwa sababu flajili hupandisha wafarini vibaya sana. Akaisoma, akakuna kichwa. "Sasa mama, wewe unameza nini?" Tukacheka wote. Siku hizi akiniona tu anaomba kadi kwanza.

Machi 2024 joto lilipokaribia digrii 45 hata serikali ikafunga shule, nami nikawa nakanda unga alfajiri na kufunga hoteli kabla jua halijawaka. Hasara ilikuwepo, lakini pumzi ilibaki.

Mzee mmoja aliniambia kumeza dawa ni kukosa imani. Nilimjibu kwamba Mungu ninayemwomba ndiye aliyenivusha Nimule nikiwa siwezi hata kubeba mkoba wangu. Hakuniambia tena.

Kwa kuwa ugonjwa wangu ulianzia kooni, nina ombi moja kwa akina mama. Mtoto akilalamika koo na ana homa, usimpe tu maji ya chumvi asukutue ukamwacha hapo. Mpeleke apimwe. Vikiwa ni vijidudu vya bakteria, penisilini huvimaliza, na ni dawa ya bei ndogo.