Juu ya «Le Fléau», Kitabu Kirefu Kilichotugawanya



Wengi wenu mnajua ya kama tangu trimestri iliyopita kuna mabishano katika enternati juu ya kitabu kimoja. Si kitabu cha masomo. Ni «Le Fléau» cha Mmarekani Stephen King, ambacho kwa Kiingereza kinaitwa «The Stand». Nakala yetu ni ya Kifaransa, iko katika volime tatu, na ile ya pili imeanza kuachana na ganda lake kwa sababu ya mikono mingi. Tuko watu kumi na mmoja tuliokisoma mpaka mwisho, wengine wameacha njiani, na hakuna wawili wanaosema neno moja. Niliombwa niandike hapa yale yanayosemwa. Nitayaandika, lakini nitatia na yangu ndani, maana mimi pia niko na upande.

Kwa wale ambao hawajakisoma: askari mmoja anatoroka kambi ya jeshi huko California usiku, na mke wake na mtoto, saa ile ile mafua yaliyotengenezwa na wataalamu wa jeshi yamewaponyoka. Motokari yake inaishia ku stesheni ya esansi katika kijiji kimoja cha Texas. Majuma machache tu, watu zaidi ya 99 katika kila 100 wamekufa. Waliobaki wanaota ndoto. Wengine wanamwona bibi mmoja mweusi wa miaka 108, Mama Abagail, anayekaa kati ya mashamba ya mahindi huko Nebraska. Wengine wanaitwa na mtu mwovu, Randall Flagg, na wanamfuata Las Vegas. Watu wa bibi wanakusanyika katika mji wa Boulder, Colorado. Kisha pande mbili zinangojeana, na ni katika kungojeana huko wasomaji wetu wengi wanapochoka.

«Ni mikutano tu!» asema ndugu mmoja wa darasa la sita. «Wako nakaa, wako nachagua komite, wako nanyoosha mikono, kisha wako naenda kulala. Ule mubaya tunamungojea kurasa mia tatu!» Naye aliruka. Alisoma volime ya kwanza yote, akachungulia ya pili, akaingia katika ya tatu, na sasa anahukumu kitabu kizima kwa sauti kubwa kuliko wote.

Urefu huo uko na historia yake. King alipopeleka maandishi, watu wa chapa waliona ya kama kitabu cha namna ile kitauzwa bei kali mno. Akakata karibu kurasa 400 za maandishi yake, na kitabu kikatoka mwaka 1978. Hata hivyo kilipita kurasa 800! Mwaka 1990, akiwa sasa na jina kubwa, akarudisha sehemu kubwa ya yale aliyoyakata, na kitabu kikavuka kurasa 1.100. Njo hicho tulicho nacho. Kwa hiyo yule ndugu yetu hayuko peke yake. Watu wa hesabu za feza wa 1978 walikuwa upande wake.

Mimi nasema hivi: kama ni kukata, mtu angeweza kukata vitu vingine, kwa mfano safari ya yule kijana mwenye motokari aliyeongezwa katika chapa ya 1990, anayepiga kelele na kutisha watu bila kuongeza kitu. Lakini Boulder, hapana. Naomba mnisikilize kidogo juu ya Boulder.

Wale watu wanataka kurudisha kuranti katika mji. Wanatengeneza mashine, wanaziwasha, na mara zinaungua. Juu ya nini? Kwa sababu wenye nyumba walikufa na kila kitu kimefunguliwa: resho, taa, frigo, redio. Kuranti iliporudi, nyumba zote za wafu zilivuta pamoja. Basi wanaunda kundi la watu wa kupita nyumba kwa nyumba, kuingia mahali wafu wangali wanalala kitandani, na kuzima. Kuzima tu! Hakuna bunduki, hakuna Shetani. Mtu anafungua mlango, anafunga pua, anazima resho, anatoka, anaenda nyumba ya jirani. Mimi sijasoma mahali pengine mwandishi aliyefikiri ya kama, dunia ikiisha, hiyo njo itakuwa kazi.

Na kuna komite ya mazishi. Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 mwezi wa nane 2018, na ikatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Ilichukua watu zaidi ya 2.200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mmoja wao ni mama mdogo wangu, mwaka 2019. Nilikuwa ningali katika primeri. Hatukumwosha. Hatukumgusa. Tulisimama nyuma ya kamba, watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni wakamshusha. Mmoja wao nilimjua kwa namna ya kutembea, alikuwa kijana wa avenue yetu, mwenye kuendesha pikipiki. Baada ya siku ile wamama wa avenue walikataa kupanda pikipiki yake, hata baada ya ugonjwa kuisha. Alikuwa akipita asubuhi, polepole, anaangalia kama kuna mtu atainua mkono. Mama yangu aliinua. Ndio, aliinua, lakini na yeye ilimchukua miezi.

Basi mtu akiniambia kurasa za mazishi katika «Le Fléau» zinachosha, ninamwuliza: umemwona Harold? Maana Harold, kijana mwenye chuki, ambaye ameandika chuki yake katika daftari, anajiandikisha katika kazi ya kuzika. Pale, kati ya wafu, wafanyakazi wenzake wanamheshimu. Wanampa jina la mwewe. Hajapewa jina na mtu yeyote zamani ila majina ya kumcheka. Na kwa siku chache anasikia ya kama angeweza kuacha chuki, hasira yote ikaanguka, akawa mtu mwingine katika mji ambao hakuna anayemkumbuka alivyokuwa. Anakataa. Anatega bomu, na watu wanakufa. Lakini baadaye, akiwa amevunjika mguu chini ya mlima, peke yake, anaandika maneno ya mwisho ya kuomba msamaha, na jina analotia chini ni lile la mwewe. Aliyeruka mazishi hawezi kujua lile jina limetoka wapi. Atafikiri ni kosa la chapa!

Yule ndugu wa darasa la sita aliponisikia alijibu: «Sawa, yaya, lakini ule bomu njo ulikuokoa kitabu.» Na hapo sikuweza kumkatalia mbali. King mwenyewe amesimulia, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya kazi ya kuandika, ya kama alikwama majuma mengi katikati ya hadisi hii. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na shuguli yake, na hakujua awapeleke wapi. Alikuwa akitembea tu kwa miguu akifikiri, mpaka likaja wazo la bomu. Ndugu yetu alifurahi sana kwa habari hiyo. «Unaona? Hata yeye alichoka na mikutano!»

Lakini mabishano makali zaidi ni juu ya mwisho, na hapa hata walimu wamegawanyika. (Asiyependa kuelezwa mwisho aruke mpaka fungu linalofuata.) Mama Abagail, mbele ya kufa, anatuma wanaume wanne waende kwa Flagg kwa miguu, na nguo walizovaa tu. Mmoja anavunjika mguu njiani na kubaki. Mmoja anauawa gerezani. Wawili wanaletwa mbele ya umati wa Las Vegas wauawe. Na pale pale mtumishi mwenye kichaa wa Flagg anafika anavuta bomu la atomiki kama zawadi, na moto kama mkono unashuka kutoka juu na kuliwasha. Wote wanateketea, wabaya na wale wawili pamoja.

Wasichana watatu wa darasa la tano wanasema ni uvivu: kurasa elfu moja, kisha Mungu anamaliza kazi kwa mstari mmoja. Mchungaji wetu anasema la, tusome tena Danieli sura ya tatu. Wale watatu mbele ya tanuru walisema Mungu aweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa hawataabudu sanamu. Basi hawa wa kitabu, asema, ni wale ambao hakuwaokoa. Ni jibu zuri, nimelifikiri siku nyingi. Lakini linaniachia neno moja. Katika Danieli kukataa kwao njo habari yenyewe. Hapa bomu lingefika hata wale watu wangebaki Boulder wakizima maresho. Mchungaji anasema umati uliletwa pamoja kwa sababu yao, na ndiyo maana hakubaki mtu. Mimi nasema basi kifo chao kilikuwa cha kukusanya watu waungue, na hilo halinifurahishi. Tumeachana hapo, kwa heshima.

Juu ya Mama Abagail mwenyewe kuna sauti mbili pia. Wengine walifurahi kumwona bibi mweusi akiwa mkubwa wa watu wa Mungu. Mmoja wetu, msichana asemaye kidogo, aliuliza kwa nini basi anaota, anaomba, anatuma wengine, anakufa, na komite ya watu saba inafanya kazi bila yeye kuwa ndani. Hakuna aliyemjibu. Aliuliza pia: «Na siye? Mafua ilifika huku?» Hadisi haitoki Marekani, ila kwamba jeshi lao, likijua limeshindwa, linatoa amri ugonjwa ufunguliwe katika nchi nyingine vilevile. Baada ya hapo, dunia nyingine ni kimya.

Mwishoni mke na mume wanaulizana kama watu wanaweza kujifunza kitu, na jibu ni kwamba hawajui. Kingeishia pale, ningekuwa radhi. Lakini chapa ya 1990 imeongeza kipande ambamo Flagg anaamka mahali pengine, kati ya watu wasiomjua, na anaanza tena. Wale wasichana watatu wanakipenda hicho kipande kuliko kitabu chote. Mimi ningekiacha kwa wale wa hesabu.

Volime ya kwanza na ya tatu ziko ku bibliotheki. Ya pili iko kwa ndugu wa darasa la sita. Ameanza kuisoma Jumatatu, na ameomba asiharakishwe.