Barabara kabla ya ukuta

Mombasa

Mwanangu Zuhura,

Nimefika salama. Uliniuliza nimeionaje Kisumu kwa jicho la mgeni, wewe unayesomea mipango miji. Nakwambia kweli, katikati ya mji wamenitia wivu. Barabara ya Oginga Odinga ina njia pana za miguu, na penye kivuko ukingo umeshushwa. Nilimwona kijana wa kiti cha magurudumu akivuka bila kusukumwa na mtu. Huku kwetu angegombea lami na tuktuk.

Lakini uliponipeleka mtaa wa Nyalenda kwa rafiki yako, moyo uliniuma. Katika kichochoro kile, mlango wa mtu ukifunguliwa, mpita njia husimama angoje. Kisima kiko hatua chache tu kutoka choo cha shimo. Wakazi wasilaumiwe. Mpaka wa mji uliposogezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulivimeza vijiji pamoja na ardhi ya mababu. Wenye mashamba walibaki wamiliki. Wakagawa, wakauza, wakajenga vyumba vya kupangisha, na hakuna aliyetangulia kuwachorea barabara. Leo kupitisha hata mtaro ni kulipa fidia au kubomoa nyumba ya mtu. Ndiyo maana habari ya maji ilinifurahisha kuliko njia zote za mjini: KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, inawauzia maji kwa jumla waendeshaji wa mtaani, nao wanayafikisha majumbani na kukusanya malipo. Waliufuata mtaa ulivyo, hawakungoja unyooke.

Sasa tazama hapo Maseno unaposoma. Hosteli za wanafunzi zinasongamana kando ya barabara ya Busia, nyuma yake mahindi, na ndani ya mahindi bikoni mpya za mipaka ya ploti. Ni ardhi ya familia, inakatwa vilevile kama ilivyokatwa Nyalenda. Mita 9 za barabara leo ni mistari michache ya mahindi. Kesho ni ukuta wa mtu. Najua kaunti mbili, Kisumu na Vihiga, zinauvutania mji huo. Msingoje zimalize, maana wanaojenga hawangoji. Wewe na wenzako mwombeni mwalimu huu uwe mradi wenu: mkae na wazee wenye mashamba, chifu awepo, njia zichorwe kabla ploti hazijauzwa, na kila familia itoe ukanda sawa na jirani yake.

Mkishapima, nitumie nakala ya ramani. Nauli ya kwenda kwa wazee nitakutumia kwa M-Pesa.

Shangazi yako